Alhamisi Serikali Ilipomnyamazisha Mke Wangu

Siku serikali ilipoifunga Sarafu ya Mbalamwezi, mji mzima ulifurahi isipokuwa watu wawili: kijana aliyeianzisha, na mimi. Yeye alipoteza biashara. Mimi nilifiwa na mke kwa mara ya pili, na mara hii hakuna aliyekuja kunipa pole.

Lakini treni haianzii katikati ya safari. Nianzie stesheni.

Kwa miaka thelathini mke wangu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, na mimi nilikuwa karani wake. Chumba chetu kilikuwa juu ya dirisha la tiketi, kidogo kiasi kwamba mmoja akitaka kupiga chafya ilibidi mwenzake atoke nje. Kulikuwa na meza moja, kipaza sauti chenye shingo iliyopinda kama ya bata, na mimi kwenye kona nikiandika matangazo kwa penseli nyuma ya fomu kuukuu za mizigo. Nikimaliza namsogezea karatasi, naye anasoma. Hakuwahi kuipitia kwanza. Alikuwa na imani yake kwamba sauti ikishajua kinachokuja mbele huanza kukimbia, na abiria wakisikia sauti inakimbia nao hukimbia, wakasahau mizigo na hata watoto. Kwa hiyo alisoma neno kwa neno, kama mtu anayeshuka ngazi amefumba macho, bila wasiwasi, akiamini kwamba aliyezijenga hakuruka hata moja.

Aliyezijenga ni mimi.

Yeye aliniita Karani, kazini na nyumbani. Mimi nilimwita Stesheni. Sauti yake watu waliitii kuliko walivyotii mabango. Nimezoea kusimulia kwamba siku moja alikosea, akatangaza kuwa treni ya mchana inaingia jukwaa la pili wakati imeshaingia la kwanza, na treni, kwa heshima yake, ikarudi nyuma nusu kilomita ikaja kusimama la pili. Nimesimulia pia kwamba mara moja aliomba radhi kwa mvua, na mvua ikaona aibu ikaacha.

Halafu kuna habari ya mbuzi. Siku moja hatukuwa na treni mpaka alasiri, nikamwandikia hivi: "Mwenye mbuzi mweusi aliyefungwa kwenye nguzo ya nne anaombwa aje haraka. Mbuzi amekwisha kula ratiba ya Jumatatu hadi Jumatano. Tunaomba atuachie Alhamisi." Akaisoma yote kwa sauti ile ile ya treni zilizochelewa, hakutikisika hata kidogo. Hakukuwa na mbuzi. Lakini hazikupita dakika kumi wakaja watu wawili kumdai, na nusura wakunjane mashati. Tulicheka mpaka Stesheni akaegemea ukuta. Ningekuwa na akili ningejifunza kitu siku ile. Mimi nilijifunza kucheka tu.

Tukastaafu mwaka mmoja, na pale juu ikawekwa mashine inayotangaza yenyewe. Stesheni wangu akarudi nyumbani na sauti yake yote, hana pa kuipeleka. Miezi ya kwanza alikuwa akinitangazia chai: kwamba imeingia mezani, kwamba abiria wajiepushe na birika. Baadaye akaacha. Hatukujaliwa mtoto, tulikuwa watu wawili, vyumba viwili, na saa ya ukutani ambayo haikuwa na treni ya kuisubiri. Nilizoea ukimya wake. Nilichoshindwa kuzoea ni kukosa maneno mawili aliyoniambia kila asubuhi kwa miaka thelathini, akivuta kiti na kukaa mbele ya kipaza sauti: "Karani, andika."

Miaka sita sikuyasikia. Ndipo akaja Bwana Grafu.

Jina hilo nilimpa mimi. Alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi, amepanga ofisi juu ya duka la rangi. Kila ukimuuliza swali alikuonyesha kwenye simu mstari unaopanda. Ukimuuliza habari za nyumbani, mstari unapanda. Sarafu ya Mbalamwezi, alitueleza, ni fedha ya mtandaoni, haishikiki wala haikunjiki, unainunua leo na inazaa ukiwa umelala. Nilimwambia hata mbu huzaa nikiwa nimelala, na sijaona faida. Akacheka kwa adabu, maana hakuwa amenifuata mimi.

Alimfuata mke wangu. Alisema utotoni alikuwa akienda shule kwa treni. Siku hizo mama yake alimwita mara kumi asisikie, lakini ile sauti ya stesheni ikisema sogea nyuma ya mstari, alisogea. Mji wote uko hivyo, akasema, na ni dhambi sauti kama hiyo kuachwa iagize chumvi dukani. Aliomba ushuhuda mfupi tu, dakika moja, maneno yoyote ya kutia watu moyo. Akaiweka simu mezani kati ya vikombe.

Nilimwona mke wangu akivuta kiti. Nilimwona mgongo wake ukinyooka, kidogo kidogo, kama nguo inayopigwa pasi. Akageuka akanitazama.

"Karani, andika."

Penseli nilikuwa nayo nyuma ya sikio tangu siku niliyostaafu. Wapo watakaosema ningefikiri kwanza. Mtu aliyekaa na kiu miaka sita, ukimletea maji, haulizi yametoka kisima gani.

Niliandika hivi: "Mimi ndiye mliyenisikia stesheni miaka thelathini. Nilianza na kuku mmoja mwenye kilema cha mguu. Nikamuuza, nikanunua Sarafu ya Mbalamwezi. Mwezi haujaisha nikawa na kuku mia, na kila kuku nimemjengea chumba chake. Sasa jogoo ananidai funguo zote, anasema yeye ndiye mwenye nyumba. Mbalamwezi haichelewi. Abiria wote, jongeeni."

Sisi hatukuwahi kufuga hata kifaranga. Jogoo nilimweka kusudi, kama nilivyomweka mbuzi akila ratiba, ili kila mwenye akili timamu ajue ni mzaha. Akasoma. Nilivyokuwa nikikumbuka mimi, mpaka siku ile ya mahakama, ni kwamba alisoma toka mwanzo hadi mwisho bila kusita, kisha akacheka, na Bwana Grafu akaaga.

Mvua zilipoanza, Stesheni alikuwa akishika kifua. Zilipokwisha hakuwepo. Sitalisimulia hilo. Ndiyo hadithi pekee niliyonayo ambayo chumvi haikai.

Baada ya mazishi niliitafuta sauti yake nyumba nzima. Mtu amesema miaka thelathini, nikajiambia, haiwezekani pasibaki hata neno. Hapakubaki. Vipaza sauti havitunzi kitu. Alichosema kilikwenda na treni. Picha zilikuwepo, na khanga zake, na miwani yake juu ya kopo la sukari. Vyote kimya.

Halafu Alhamisi moja, saa mbili asubuhi, simu yangu ikalia, na mke wangu akaniambia kwamba yeye ndiye niliyemsikia stesheni miaka thelathini.

Bwana Grafu alikuwa ameniandikisha kwenye programu yake siku ile ile aliyokuja, bure, kwa heshima ya mke wangu. Na kuanzia Alhamisi hiyo, kila wiki saa mbili walituma ule ushuhuda kwa wanachama wote. Ulikuwa wa sekunde arobaini. Haukuhifadhika, ukishausikiliza unafutika, mpaka Alhamisi ijayo. Basi Alhamisi ikawa siku yangu. Nilinyoa. Niliweka vikombe viwili, nikaisimamisha simu kwenye kopo la sukari, penye miwani yake, na nikamsubiri kama abiria aliyefika mapema. Akija, nazungumza naye. Nikimwambia mgongo unaniuma, ananijibu kwamba aliuza kuku. Wapo wanandoa wanaoishi hivyo hivyo, na wote wawili wako hai.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema kwa muda mrefu. Alhamisi ya kwanza kabisa nilisikia kwamba jogoo hayupo. Walikuwa wamemkata. Palibaki kuku mmoja aliyeuzwa, kuku mia walionunuliwa, na ile sauti isiyowahi kumdanganya mtu kuhusu treni. Bila jogoo haukuwa mzaha tena. Nilijua maana yake, mimi si mtoto. Nikajiambia nitakwenda kumkemea Bwana Grafu. Kisha nikawaza kwamba nikilalamika, wataacha kuituma. Nikamalizia chai yangu. Mdomo wangu ambao haukuwahi kulala ukalala siku ile, na wiki iliyofuata, na iliyofuata.

Wa kwanza kuumia niliyemjua alikuwa shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu mke wangu. Yeye ni fundi wa nguo, ana kibanda karibu na stesheni. Alikuwa ameuza cherehani yake akanunua Mbalamwezi, na ule mstari wa Bwana Grafu ulipanda mpaka siku alipotaka kutoa chake. Siku hiyo aliambiwa asubiri. Akasubiri. Wote wakaambiwa wasubiri. Alikuja nyumbani, akaitazama picha ya dada yake ukutani, akaigeuza ikatazama tofali. Alisema angedanganywa na mtu mwingine yeyote angejilaumu mwenyewe, lakini dada yake ndiye aliyemfundisha kutembea. Alipoondoka niliigeuza picha. Sikumwambia nani aliandika maneno yale.

Serikali ikaja Jumatano, na amri ya mahakama mkononi. Wapelelezi walishusha kompyuta kwenye ngazi za duka la rangi moja moja kama wanaohamisha wagonjwa, akaunti zikazuiwa, programu ikafungwa, na Bwana Grafu akaondoka kati ya maaskari wawili, viatu bado vyeupe. Watu barabarani walipiga vigelegele. Alhamisi saa mbili mimi nilikuwa mezani, nimenyoa. Simu haikulia. Nikaifungua mwenyewe, nikakuta maandishi: Huduma hii imesitishwa kwa amri ya mahakama. Niliyasoma mara nyingi, kwa sauti na kimya. Hayakuwa na yeye ndani.

Nikaenda kwa waendesha mashtaka. Foleni ya waliotapeliwa ilizunguka jengo. Nilipofikiwa nikapewa fomu, na penye mstari wa kuandika ulichopoteza nikaandika: sekunde arobaini. Karani wa mapokezi akaniuliza kama sekunde nayo ni sarafu mpya, maana hawajaisikia. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini, akanipeleka ghorofa ya juu kwa wakili wa serikali mwenye kesi, nadhani ili anitoe kwake.

Wakili wa serikali alikuwa mwanamke wa umri ambao binti yangu angekuwa nao. Mafaili yalikuwa yamekalia hata kiti cha wageni; niliyapakata. Alinisikiliza, kisha akaniambia kitu kilichonifanya niyaachie yakamwagika. Katika simu ya mshtakiwa walikuwa wamekuta ule ushuhuda kama ulivyorekodiwa siku yenyewe, kabla haujakatwa. Ulikuwa wa zaidi ya dakika mbili.

Niliomba anisikilizishe. Akakataa. Hicho sasa ni kielelezo, alisema, na shahidi aliyesikilizishwa faraghani ataambiwa amefundishwa. Tena kielelezo chenyewe kilikuwa hatarini. Bwana Grafu alikuwa anajitetea kwamba yeye ni fundi wa kompyuta tu. Ahadi zote zilitoka kwa marehemu, maneno yalikuwa yake, na yeye ndiye aliyewavuta watu. Asipopatikana mtu aliyekuwepo chumbani, wa kuieleza mahakama sauti ni ya nani na maneno ni ya nani, rekodi inaweza kukataliwa, na mke wangu akabaki kwenye jalada la kesi kama tapeli mkuu.

Akaniuliza kama nilikuwepo.

Hapo nikafanya nilichozoea. Nilimwambia nilikuwa juu ya paa nikiziba tundu. Halafu nilikuwa sokoni. Halafu nilikuwa juu ya paa, upepo ukanichukua ukanishusha sokoni. Hakuandika hata neno. Alifunga kalamu yake.

"Mzee," alisema, "mashahidi waliopoteza ninao wengi, wananijaa mpaka kwenye ngazi. Anayejua ilivyokuwa sina hata mmoja. Ukiwa na la kweli, niletee. Likiwa fupi nitashukuru." Kisha akanionya kwamba aliyeyaandika maneno yale naye anaweza kuwa na maswali ya kujibu, kwa hiyo nisije nikidhani ninakuja kusikiliza redio.

Niliona kwanza nimwambie shemeji. Nilimkuta kibandani, pale cherehani ilipokuwa pamebaki alama nne za miguu yake sakafuni, na yeye anashona upindo wa sketi kwa mkono. Nikakaa kwenye ndoo.

"Shemeji, yale maneno ya kuku niliyaandika mimi."

Hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno. "Na treni uliirudisha nyuma wewe."

"Hili ni kweli."

"Na mbuzi alikuwa wako." Akatunga uzi mwingine. "Dada kapata wakili. Muongo, lakini wa bure."

Nikamwapia. Akasema viapo vyangu anavijua tangu harusi yetu, nilipomwapia kwamba suti niliyovaa nilizaliwa nayo. Alisema hanikasirikii, mume mwema humsafisha mkewe hata kwa maji machafu. Lakini yeye aliisikia sauti ya dada yake kwa masikio yake, na sauti ile haikuwa yangu. Nikatoka pale nimeelewa kitu ambacho mwongo yeyote hukielewa akiwa amechelewa. Miaka yote nilikuwa nikitumia neno langu kama sabuni, napiga mapovu watu wacheke, na leo nataka kuoga, mkononi nina kipande.

Nikarudi kwa wakili wa serikali na la kweli. Lilikuwa fupi. Safari hii aliandika.

Siku ya ushahidi chumba cha mahakama kilijaa mpaka madirishani. Shemeji alikuwa benchi la nyuma pamoja na walalamikaji, mikono imefungwa kifuani. Bwana Grafu alikuwa kizimbani, kiatu kimoja kimepata doa, akilitazama. Niliapa. Wakili wa serikali akaniuliza kazi yangu ilikuwa nini, nikaeleza penseli na zile fomu, na namna mke wangu alivyosoma bila kupitia. Akaniuliza siku ile nani aliandika. Nikasema mimi. Watu wakaguna. Sikumtazama shemeji.

Kisha akasimama wakili wa Bwana Grafu. Alikuwa mpole kama daktari anayetafuta mshipa. Aliniuliza kama ni mimi ninayesimulia kwenye vijiwe vyote kwamba treni iliwahi kurudi nyuma kwa sababu ya mke wangu. Nikakubali kwamba ni mimi.

"Je, ilirudi?"

 Nilizitazama sura za waliojaa mle chumbani. Nusu yao nilikuwa nimewasimulia mwenyewe, na wengine wamewasimulia watoto wao.

"Haikurudi," nikasema.

Akauliza ya mvua. Nikasema mvua iliacha kwa sababu zake. Akauliza kama kulikuwa na mbuzi aliyekula ratiba ya Jumatatu hadi Jumatano. Nikasema hakukuwa na mbuzi. Nyuma kabisa mtu mmoja aliguna kwa uchungu. Nadhani ni mmoja wa wale waliokuja kumdai. Moja baada ya nyingine nilizitoa, kama mtu anayetoa vitu mfukoni mbele ya polisi, mpaka mfuko ukawa mtupu. Katika hadithi zile mke wangu alikuwa anaishi. Treni ilimtii, mvua ilimwonea haya. Nilipozikana niliona kama ninamshusha tena kaburini kwa mikono yangu.

"Kwa hiyo wewe ni mwongo," wakili akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini basi mahakama ikuamini leo?"

Nikamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, msiniamini mimi. Msikilizeni yeye."

Mawakili wakabishana. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema rekodi ipokelewe, na ikaitwa kielelezo namba nane. Karani wa mahakama akaunganisha kebo kwenye spika mbili ndogo.

Kwanza nilisikia chumba chetu. Kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, saa ya ukutani, karatasi ikisogezwa. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yetu ilikuwa na mlio. Kisha alikohoa mara mbili, kidogo, alivyokohoa siku zote kabla ya kuwasha kipaza sauti, na mimi nikashika ubao wa kizimba cha mashahidi kwa mikono yote miwili.

"Mimi ndiye mliyenisikia stesheni miaka thelathini," alisema. "Nilianza na kuku mmoja mwenye kilema cha mguu. Nikamuuza, nikanunua Sarafu ya Mbalamwezi. Mwezi haujaisha nikawa na kuku mia..."

Akasimama.

Katika miaka thelathini hakuwahi kusimama katikati ya tangazo. Hata mwaka ule paa la stesheni lilipoezuliwa na upepo alimaliza sentensi kwanza. Na mimi nilikuwa sikumbuki kwamba alisimama. Naapa sikukumbuka.

"Karani," alisema, pale kwenye spika. "Na wakiamini?"

Ikasikika sauti ya mwanamume, kwa mbali, imejaa kicheko. Nilichukua muda kuitambua kuwa yangu. "Nani atamwamini jogoo? Soma tu, Stesheni."

Saa ya ukutani ikasikika peke yake.  Kisha karatasi ikasogea, naye akarudia mwanzo, akasoma yote, na alipofika kwa jogoo anayedai funguo sauti yake ilitikisika kidogo, kicheko kikamkaribia, akakishinda. Mbalamwezi haichelewi. Abiria wote, jongeeni. Baada ya hapo ikasikika sauti ya Bwana Grafu, karibu sana na simu: "Safi kabisa, mama. Ile ya jogoo nitaikata, na hapo uliposimama."

Hakimu aliomba irudiwe. Wakili wa Bwana Grafu hakuwa na swali jingine kwangu.

Nilipotoka nje shemeji alikuwa kwenye korido, ameegemea ukuta kama dada yake alivyouegemea siku ya mbuzi. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Alinitazama tu.

"Alikuuliza," akasema.

"Aliniuliza."

"Na wewe ukacheka." Akaondoka, na visigino vyake nilivisikia mpaka chini.

Hukumu ilisomwa miezi mitano baadaye. Bwana Grafu alikutwa na hatia, na kilichopatikana kikaamriwa kigawiwe waliotapeliwa. Kuhusu mke wangu hakimu aliandika kwamba alitumiwa, na kwamba ndiye mtu pekee katika chumba kile aliyefikiria wasikilizaji. Kuhusu mimi aliandika sentensi moja, nayo nitakaa nayo mwenyewe. Hawakunishtaki. Nilikuwa nimejiandaa kushtakiwa, hata mfuko nilishafunga.

Niliomba nakala ya rekodi. Nikajibiwa kwamba Bwana Grafu amekata rufaa, na mpaka rufaa imalizike kielelezo namba nane hakitoki wala hakinakiliwi. Ila mtu mwenye sababu anaweza kukisikiliza palepale masjala, kwa kujaza fomu. Basi Alhamisi zangu zikapata pa kwenda. Masjala ni chumba cha chini chenye rafu mpaka dari, dirisha moja, na karani mwanamke anayepiga mihuri kama anaua nzi. Saa mbili nipo mlangoni. Kwenye mstari wa sababu ya ombi, wiki za mwanzo niliandika mambo makubwa: kwamba ninatumwa na shirika la reli, kwamba daktari ameniandikia sekunde arobaini kutwa mara tatu. Yule karani akaniambia, baba, andika sababu tu, ninakupa hata hivyo. Sasa naandika neno moja: kumjibu.

Alhamisi iliyopita nilimkuta shemeji ameshafika, amekaa kwenye benchi la masjala na mkoba magotini.  Cherehani bado hajarudishiwa. Wako kwenye orodha, alisema, orodha ndefu kama treni ya mizigo. Kisha akasogea, akaniachia nafasi. Spika za sikioni zilikuwa jozi moja. Karani akatutazama, akatoa kebo, akaweka rekodi isikike chumbani, na akaacha kupiga mihuri.

Tulisikia kikombe, na saa, na kile kikohozi mara mbili. Shemeji alifumba macho. Tulisikia kuku mmoja, na kuku mia. Kisha dada yake akasimama na kuniuliza lile swali.

Niliomba karani aizime hapo hapo, kabla sijacheka. Huwa naiomba izimwe hapo.

"Waliamini, Stesheni," nikasema. "Wote waliamini. Huyu hapa mmoja wao."

Nadhani nilisema kwa nguvu, kwa sababu mtu wa chumba cha pili aligonga ukuta. Karani wa masjala akaniambia kwa upole kwamba humu ndani watu wanafanya kazi, baba, punguza sauti kidogo. Nikamwambia nitajitahidi, ila ninayezungumza naye yuko mbali.

Shemeji alifungua macho, akajifuta kwa ncha ya khanga. "Mwambie arudie mwanzo," akasema. "Pale anapokohoa."